Kabati Lililovaa Makoti ya Baba

Scolastica alikuwa anatoka sokoni, ndoo ya mchele kichwani, alipoisikia sauti yake mwenyewe ikitoka ndani ya kibanda cha gemu.

"Nyamaza, mwanangu. Tumwachie Mungu."

Alisimama pale pale barabarani. Bodaboda iliyokuwa nyuma yake ikapiga honi na kumkwepa. Ndani ya kibanda vijana wakacheka, kisha sauti ikarudia vile vile, na pumzi ile ile ya mwisho, kama ya mtu anayetua mzigo: "Nyamaza, mwanangu. Tumwachie Mungu."

Akashusha ndoo, akaiweka kizingitini, akaingia.

Kibanda kilikuwa cha Maiko, mabati matupu, joto la kukata pumzi, televisheni zimepangwa kwenye meza na mabenchi mbele yake. Vijana walikuwa wamejazana mbele ya ile ya katikati. Picha zilikuwa za vibokisi vibokisi, kama zile gemu za zamani za kutumbukiza kaseti. Kitoto cha kike chenye gauni jekundu kilikuwa kinakimbia sebuleni. Katikati ya sebule palitandikwa mkeka. Kitoto kilipoukanyaga, mkeka ukafumbua macho, ukafungua mdomo, ukasema maneno yale kwa sauti ya Scolastica, na kimoyo chekundu kikaongezeka juu kabisa pembeni.

"Huyo anayeongea ni nani?" aliuliza.

"Ni mkeka, mama," Maiko alijibu bila kugeuka. "Ukiukanyaga unapata uhai. Bila hivyo huyu shangazi humuwezi."

Shangazi alikuwa anaingia mlangoni. Kichwa cha bata, mwili wa mwanamke mnene, sufuria kubwa ameibeba mgongoni kwa kanga kama mtoto. Alikuwa analia, "Kaka yangu weee! Umeniacha na nani!" na kila chozi lililodondoka liliota mkono. Mikono ikatambaa ukutani ikikusanya sahani, vijiko, mapazia. Kila mkono ukishapata chake, unafanya ishara ya msalaba, unatoka nje. Vijana walicheka mpaka mmoja akadondoka kwenye benchi.

Scolastica hakucheka. Alikuwa anaangalia ukuta wa kwenye picha: mlango wa bluu, Bikira Maria aliyepinda upande wa kushoto, dari iliyotoboka karibu na taa. Ilikuwa sebule yake mwenyewe, ya nyumbani mtaa wa Kawajense.

"Nani ametengeneza hiki kitu?"

"Dafrosa wa stesheneri. Yule dada ni noma, nakwambia..." Maiko akageuka, akamwona, akanyanyuka na pedi ya gemu mkononi. "Shikamoo, mama Dafrosa."

Alitoka, akajitwisha ndoo, akashika njia ya nyumbani.

Mambo yenyewe yalianzia mwaka aliofariki Gervas, mume wake. Alikuwa dereva wa lori la tumbaku, na lori lilipinduka naye akitokea Inyonga. Dafrosa, mtoto wao wa pekee, alikuwa kidato cha tatu. Siku ya kuanua matanga, kaka mkubwa wa marehemu, Kasimiri, alikuja kutoka Usevya na Fuso tupu. Watu waliokuwa wanalia asubuhi, mchana wakageuka wapagazi. Walibeba makochi. Walibeba friji, na sahani za vioo, na kabati la nguo, makoti ya Gervas yakiwa bado yananing'inia ndani. Mwisho wakabeba cherehani ya Scolastica, aliyoinunua kwa jasho lake kabla hata hajaolewa.

Dafrosa aliona. Mlango wa chumbani ulikuwa umeachwa wazi kidogo, akamwona mama yake amepiga magoti mbele ya baba mkubwa. "Chukueni," mama alikuwa anasema. "Na cherehani chukueni." Hakubisha, hakulia. Fuso ilipoondoka Dafrosa alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, na mama akamshika mabega akamwambia maneno yale. Na tangu hapo, kila lilipotokea la kutokea, alimwambia yale yale. Ada ikikosekana, tumwachie Mungu. Mwenye duka asipowaruhusu kukopa unga, tumwachie Mungu. Scolastica akawa anachoma vitumbua na kufuma vitambaa vya meza, na akimpitia fundi cherehani barazani anageuza uso.

Hasira ya Dafrosa kwa baba mkubwa ilikuwa na pa kwenda. Angeweza kumtukana moyoni akiwa njiani, akiwa anafua, akiwa kanisani. Ile ya mama haikuwa na pa kwenda. Utamtukana vipi mtu anayekuwekea chai kabla hujaamka vizuri?

Alikwenda Mbeya kusoma cheti cha kompyuta, akarudi Mpanda, akapata kazi ya kuchapa na kutoa kopi kwenye stesheneri karibu na stesheni ya treni. Umeme ukiwepo na wateja wasipokuwepo, alikuwa anatengeneza gemu. Aliifanya ya kizamani kwa kuwa kompyuta ya dukani isingeweza kubeba nyingine. Lakini madubwana aliyatoa kichwani, na kichwani yalikuwa yamejaa.

Baada ya shangazi mwenye kichwa cha bata kulikuwa na kochi linalozaa vigoda, na vigoda vinakukimbiza vikilia njaa. Halafu friji. Friji ilikuwa inafungua mlango na kuhubiri salamu za rambirambi, na kila neno "marehemu" lilitoa samaki aliyeganda, akakupiga kichwani. Friji haikuwa inauawa kwa namna yoyote. Ulitakiwa ukimbie tu mpaka umeme ukatike wenyewe, na watu wa Mpanda walipofika hapo walikuwa wanalia kwa kicheko. Bosi wa mwisho, dubwana la kumalizia gemu, alikuwa kabati lenye miguu minne ya binadamu, limevaa makoti ya marehemu yote kwa pamoja, linatembea likinguruma, "Mali ya ukoo! Mali ya ukoo!" Ukilipiga, koti moja linadondoka, chini yake kuna jingine. Vijana walizoea kuliimbia, "Vua koti! Vua koti!" Makoti yakiisha milango inafunguka, na ndani hamna kitu ila henga ya nguo inayobembea.

Ilichekesha, na ilitisha. Waliocheza waliota ndoto mbaya, kesho yake wakarudi.

Mchana wa siku ile ya kibandani, Dafrosa alipofika nyumbani kula, alimkuta mama amekaa kwenye kigoda uani. Hakuwa amewasha hata mkaa.

"Kaa chini."

"Mama, nimekuja mara moja tu, dukani nimeacha..."

"Kaa chini, nimesema. Mimi ni mkeka?"

Dafrosa akakaa. Alijua siku hii ingekuja, ila alidhani angejiandaa.

"Mama, ile ni gemu tu. Tena wewe ndiye unayempa uhai. Bila wewe yule mtoto anafia sebuleni. Watu wote wanaupenda mkeka."

"Wananipenda wakinikanyaga."

"Sikumaanisha hivyo."

"Sauti yangu ulichukua lini?"

"Siku ile nilipokosa kazi ya halmashauri. Ulikuwa unanibembeleza."

"Nakubembeleza, wewe unanirekodi." Scolastica alisimama. "Sikia, Dafrosa. Baba yako mkubwa umempa makoti. Shangazi yako Angela umempa kichwa cha bata, lakini miguu anayo, anatembea anakotaka. Hata friji umeipa mdomo inahubiri. Mimi mama yako ndiye nimekosa hata miguu?"

Hapo Dafrosa naye akachemka.

"Na siku ile ulikuwa na miguu? Nilikuona, mama! Ulikuwa kwenye magoti. Cherehani yako, uliyonunua wewe, ukawaambia chukueni! Ungesema neno moja. Moja tu! Mimi nilikuwa nasubiri uliseme, niko pale mlangoni, nasubiri."

Mkono wa Scolastica ulipanda. Ulibaki juu, ukashuka.

"Hujui kitu," alisema. "Hujui kitu kabisa, na umekwenda kukitangaza sokoni."

Kuanzia siku hiyo hawakuongea. Scolastica alipika, akafunika, akaingia chumbani. Dafrosa alikula peke yake, akaosha vyombo kwa nguvu mpaka vikapiga kelele. Wakikutana mlangoni, mmoja anarudi nyuma mwingine apite.

Gemu nayo haikuwangoja. Ilikuwa inaruka simu hadi simu, ikapanda basi, ikateremka mpaka Usevya, na huko watu hawakuhitaji kuambiwa kabati ni nani. Kasimiri alipokwenda kukoboa mpunga, watoto walikimbia nyuma ya pikipiki yake wakiimba, "Kabati! Vua koti!" Mashineni wanawake waliinamisha vichwa kwenye magunia, mabega yanawatikisika. Akaacha kwenda mashineni. Halafu akatuma ujumbe kwamba Jumapili anakuja Mpanda na wazee.

Walikuja watatu baada ya misa: Kasimiri; dada yake Angela, yule shangazi; na mzee Telesphor, mkubwa wa ukoo, aliyeletwa awe shahidi. Kasimiri alikuwa amevaa koti la kahawia. Jua lilikuwa kali, jasho linamtiririka shingoni, na koti lenyewe mikono yake ilimfika kwenye vidole, maana Gervas alikuwa mtu mrefu. Scolastica alilitambua kabla hata hajawakaribisha. Ndilo Gervas alilokuwa anaendea kanisani. Dafrosa naye alilitambua, akauma mdomo asicheke. Inaonekana Kasimiri mwenyewe alikuwa amelivaa kwa miaka mingi hata akasahau lilikotoka.

"Sikuja kwa ugomvi," Kasimiri alianza, ingawa alikuwa hajakaa. "Nimekuja kwa sababu ya heshima. Mtoto wa mdogo wangu, damu yangu, ananitengeneza dubwana! Nimekuwa kichekesho. Mimi, mwenyekiti wa jumuiya! Watoto wasiojua kufuta kamasi wananiita Kabati."

"Na mimi bata!" Angela alidakia. "Mimi niliyemlilia kaka yangu mpaka nikazimia! Kaka yangu weee! Umeniacha na nani, kaka yangu!"

Mzee Telesphor akakohoa. Akakohoa tena, akatoa leso, akaifunika mdomoni. Mabega yakaanza kumtikisika, na mwishowe kicheko kikamponyoka, kikatoka puani kama chafya.

"Nisameheni," alisema akifuta macho. "Nisameheni. Wajukuu wangu wanayo kwenye simu."

Kasimiri alipiga meza kwa kiganja. "Unaona? Unaona, Dafrosa, ulichofanya? Hata wazee! Sasa sikiliza. Hiyo takataka utaifuta leo. Halafu utapiga magoti hapa, uniombe radhi, na mtu atapiga video, na video itasambazwa kama ulivyosambaza upuuzi wako."

Dafrosa alikuwa tayari ana jibu, na lilikuwa baya. Hakuwahi kulitoa.

"Na wewe shemeji," Kasimiri aliendelea, amemgeukia Scolastica aliyekuwa anamimina chai, "ungemfundisha mtoto shukrani. Nyumba hii niliwaachia kwa huruma yangu. Huyu nilimwacha asome kwa huruma yangu."

Scolastica aliweka chupa ya chai mezani, taratibu. Akafunga kizibo.

"Huruma?"

"Ndiyo, huruma. Wengine wangewatoa."

"Mzee Telesphor," Scolastica alisema, lakini macho yalikuwa kwa Kasimiri, "wewe siku ile ulikuwa nje, hukusikia. Huyu bwana aliniita chumbani. Akaniambia nyumba inauzwa, na Dafrosa anaondoka nao kwenda Usevya, ameshapata mtu wa kumwoa, mtu mzima mwenye mashamba. Mtoto wa kidato cha tatu! Baba yake hata udongo haujakauka! Nikapiga magoti. Ndiyo, nilipiga, na ningepiga tena. Nikamwambia chukua vyote, na cherehani yangu chukua, niachie mtoto na paa. Akasema sawa, lakini nisifungue mdomo. Nisiende mahakamani, nisimwambie mtu, na mtoto mwenyewe nisimwambie. Nikifungua mdomo, anarudi kumchukua." Sauti ilikuwa inapanda, na majirani waliokuwa wanapita wakaanza kusimama kwenye ua. "Nikanyamaza! Nimenyamaza amemaliza shule, nimenyamaza amekwenda Mbeya, nimenyamaza nauza vitumbua mbele ya mafundi niliowafundisha kushona mimi! Nimenyamaza mpaka mwanangu mwenyewe akanifanya mkeka! Halafu unakuja hapa kuniambia huruma?"

Hakuna aliyegusa chai. Dafrosa alikuwa anaangalia sakafu.

"Kasimiri," mzee Telesphor aliuliza, kicheko kimemtoka kabisa, "hayo ni kweli?"

"Mzee, maneno ya msibani... desturi inasema..."

"Desturi sijakuuliza."

Kasimiri akatazama mlango. Dafrosa akasimama, ameshafungua mdomo, lakini mama yake akamgeukia kama moto wa majani makavu.

"Wewe kaa! Sijamaliza na huyu, na nikimmaliza nakuja kwako."

Akakaa.

"Nitawashtaki," Kasimiri alisema. "Kunitukana mtandaoni ni kosa."

"Nenda. Mimi kesho nakwenda kwa mtendaji wa kata, kisha mahakamani. Mtoto amekuwa mtu mzima, utamchukuaje? Na hilo koti ni la mume wangu. Vua koti."

Scolastica hakujua kwamba maneno hayo yalikuwa yanaimbwa mkoa mzima wa Katavi. Nyuma ya ua kicheko kililipuka, na vijana kadhaa wakaitikia kwa pamoja, "Vua koti! Vua koti!" Kasimiri alijitazama kifuani. Ndipo alipoelewa amevaa nini. Hakulivua. Alifunga vifungo vyote hadi cha juu, jasho likimchuruzika, akatoka kwa haraka akipita katikati ya watu, na Angela akamfuata bila kulia hata kidogo. Mzee Telesphor alibaki kidogo, akamshika Scolastica mkono, kisha naye akaondoka.

Walipobaki wawili, Dafrosa aliteremka kwenye kiti.

"Usipige magoti!" mama alifoka. "Nimechoka na magoti kwenye nyumba hii."

Akanyanyuka. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungefanya nini? Ungekwenda Usevya na panga. Nakujua."

"Na baadaye? Nilipokuwa Mbeya? Niliporudi? Nimeanza kazi, mama, bado unaniambia tumwachie Mungu!"

Scolastica alikusanya vikombe vya wageni, chai imejaa, akaanza kuimwaga uani kimoja kimoja.

"Baadaye nilikuwa nimeshazoea," alisema mwishowe. "Kunyamaza kunazoeleka. Hilo ndilo lililoniuma pale kibandani. Ulinichora vibaya, na nimekukasirikia, na bado nimekukasirikia, usidhani tumemalizana. Lakini haukuwa uongo wote."

"Nitauondoa mkeka."

"Uondoe."

"Lakini mtoto atapata wapi uhai?"

"Atajua mwenyewe. Mimi nilipata wapi?"

Dafrosa aliuondoa mkeka siku iliyofuata. Vijana walilalamika. Maiko alikuja mpaka stesheneri, analia kwamba gemu imekuwa ngumu, watu wanafia kwa shangazi tu, hakuna anayeliona kabati. Dafrosa alimwambia wajifunze kumkwepa. Wengine waliacha kucheza. Waliobaki wakawa wakali kuliko mwanzo.

Scolastica alikwenda kwa mtendaji wa kata kama alivyosema. Alivaa nguo za kanisani na akatembea mbele, Dafrosa nyuma, njia nzima hakugeuka. Alipofika mlangoni alimwambia binti yake asubiri nje. Dafrosa alisubiri kwenye benchi, akimsikia mama yake kupitia dirishani, anaeleza tangu mwanzo bila kushusha sauti, na mtendaji akijaribu kumkatiza anasema, "Ngoja nimalize." Kasimiri aliitwa, hakuja. Akaitwa tena, akatuma kijana wa pikaup na cherehani.

Haikuwa yake. Ilikuwa cherehani kuukuu iliyopauka, gurudumu limekwama, mkanda hauna.

"Si bora tuipokee tu, mama?" Dafrosa alisema. "Nitatafuta fundi."

Mama alinyoosha kidole kwenye pikaup. Dafrosa akaikumbatia ile cherehani akairudisha kwenye pikaup mwenyewe, na dereva akageuza gari.

Scolastica akarudi kwa mtendaji. Safari hii Dafrosa aliingia naye, akakaa pembeni. Barua ya mwito ilipokwenda Usevya mara ya tatu, ikitaja mahakama ya mwanzo, pikaup ilirudi. Cherehani yenyewe ilikuwa imefungwa kwenye turubai. Scolastica alifungua kamba, akapitisha mkono chini ya meza ya mbao, akakuta pale alipochonga jina lake kwa msumari akiwa msichana. Binti wa Kasimiri alikuwa anaitumia kushona miaka yote hiyo. Ilikuwa imepakwa mafuta vizuri.

Dereva alimsaidia Dafrosa kuiingiza barazani, akajifuta jasho, akaomba maji ya kunywa. Scolastica akamletea. Alipomaliza kunywa na kuanza kurudi garini, akamwita.

"Makochi yako wapi?"

"Makochi, mama? Mimi nimeambiwa cherehani tu."

"Na friji? Na kabati?"

"Sikuambiwa."

Scolastica alivuta kigoda, akakaa mbele ya cherehani yake, akaweka mguu kwenye pedeli.

"Haya, nenda salama," alisema. "Kamwambie sijamaliza."